Meza ya munkoyo kando ya mtaro: nimsikilize burgumestre, meya au serikali?

Swali limetoka kwa mama anayeuza munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, na mikate kando ya avenyu moja ya Katuba, moja ya komini za Lubumbashi, yaani sehemu za jiji ambazo kila moja inaongozwa na burgumestre. Nalifupisha, lakini maneno ni yake (jetoni ni risiti ya kodi ya siku, kanivo ni mtaro, amande ni faini):

"Papa, kila wiki napokea wageni. Jumatatu anakuja kijana wa komini na jetoni zake, nalipa. Jumatano wanakuja watu wa meya, wanasema meza iko juu ya kanivo, niondoe. Ijumaa anakuja polisi, anataka amande, anasema ni amri ya burgumestre. Mtoto wa dada yangu anasoma sheria chuo kikuu, ananiambia nisimlipe mtu hata mmoja kwa sababu katiba iko juu ya burgumestre. Mwezi uliopita walibeba beseni langu pamoja na mikate. Nimsikilize nani?"

Mama, mtoto wa dada yako amesema kweli nusu. Nitaanza na nusu hiyo, kwa sababu ina nguvu, lakini ile aliyoiacha ndiyo itakayokuponza siku watakaporudi.

Kweli ni hii. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 iko juu ya kila karatasi yenye muhuri katika nchi yetu. Chini yake kuna sheria za bunge la Kinshasa, halafu sheria za bunge la jimbo tunazoziita edi, halafu maamuzi ya jiji na ya komini, ambayo mengi hutufikia kwa njia ya arete, yaani amri iliyoandikwa na kutiwa sahihi na kiongozi. Kifungu cha 205 kinasema kwamba katika mambo ambayo serikali kuu na jimbo yanashirikiana, edi ikigongana na sheria ya taifa, edi ndiyo inayoanguka. Kifungu cha 153 nacho kinawaagiza majaji wazitumie amri za viongozi pale tu zinapolingana na sheria. Kama hata edi ya jimbo inaweza kuanguka, arete ya burgumestre nayo si mwamba.

Lakini wa kuiangusha ni jaji, au mkubwa mwenye mamlaka ya kuisimamia komini. Si wewe, si mimi, si mwanafunzi wa sheria, tena si saa ambayo polisi amesimama mbele ya meza. Mpaka iondolewe, arete inakufunga kama sheria nyingine. Mwambie hivyo kijana wako, kwa upendo. Kesho yeye atakuwa darasani na wewe ndiye utakayekuwa kando ya barabara.

Kuna jambo lingine alilolisahau, nalo ni zito zaidi. Anamwona burgumestre kama mtu wa chini kabisa kwenye ngazi, anayetunga maneno yake mwenyewe. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008, ambayo ndiyo sheria mama ya majiji, komini, sekta na sheferi (hizi mbili ni za vijijini), inamvika burgumestre kofia zaidi ya moja. Ni kiongozi wa komini, ndiyo. Lakini pia ndiye anayewakilisha Serikali na jimbo ndani ya komini, ndiye anayetekeleza sheria za taifa na edi za jimbo, ndiye ofisa wa hali ya raia anayeandika ndoa na vizazi, na ni OPJ, yaani ofisa wa polisi ya upelelezi, mwenye uwezo juu ya makosa ya kila aina. Kwa hiyo anapokuambia uondoe meza, swali la kwanza si kama yeye ni mdogo au mkubwa. Swali ni: leo amevaa kofia ipi? Huenda anatekeleza sheria ya taifa ya barabara au ya usafi, na hapo kumwambia "katiba iko juu yako" ni kupigana na kivuli, maana aliyesimama nyuma yake ni serikali ileile unayoitegemea ikutetee.

Na komini si tawi dogo la ofisi ya gavana. Kifungu cha 3 cha katiba kinaipa utu wake wa kisheria: ina bajeti yake, ina mali yake, inaweza kushtaki na kushtakiwa. Lubumbashi ina komini saba, nazo ni Lubumbashi, Kamalondo, Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi na Annexe, na kila moja ina mambo yake ambayo sheria imeiachia. Kartie, yaani mtaa ndani ya komini, haina utu huo. Shefu wa kartie ni mtu wa kuheshimiwa, anatujua kwa majina, anapatanisha majirani, lakini hana uwezo wa kuunda kodi. Shefu wa kartie au mjumbe wake akikudai pesa ya "ruhusa ya kuuza", hapo mtoto wa dada yako ana haki yote: usilipe.

Sasa tuwachukue wageni wako mmoja mmoja.

Kijana wa jetoni ndiye mwepesi. Kodi ya siku ya soko ni mapato ya komini na majiji, na orodha ya kodi zote ambazo jimbo na ngazi za chini zinaruhusiwa kutoza imewekwa na amri-sheria namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018. Kisichomo kwenye orodha hiyo hakitozwi, hata kama kina muhuri mzuri. Kifungu cha 174 cha katiba ndicho shina lake: hakuna kodi bila sheria. Mwombe jetoni yenye namba na bei iliyochapwa, itunze, basi.

Ila elewa kitu kimoja ambacho wamama wengi wa soko hawakuambiwa, na kinaniuma kila ninapokutana nacho. Jetoni ni kodi ya siku, si hati ya mahali. Umelipa kwa sababu umeuza. Hukununua ile nafasi. Hata patente, ile karatasi ya biashara ndogo inayotokana na amri-sheria ya tarehe 8 Agosti 1990, inakupa haki ya kufanya biashara ndogo. Haikupi haki ya kuifanyia juu ya mtaro. Ndiyo maana unaweza kulipa Jumatatu na kuondolewa Jumatano bila mmoja wao kuwa amevunja sheria. Mimi naona ni aibu kwa komini kupokea pesa mahali ambapo inajua pamekatazwa, na hilo ni swali zuri la kumpelekea mshauri wa komini uliyempigia kura. Lakini mbele ya jaji, rundo la jetoni halitailinda meza yako.

Watu wa Jumatano wanataka maelezo marefu zaidi, kwa sababu barabara zetu zina wenyewe watatu. Avenyu ndogo ya ndani, ile inayoanzia na kuishia Katuba, ni mzigo wa komini. Barabara kubwa inayounganisha komini na komini ni ya jiji, yaani ya meya. Barabara ya taifa, kama ile namba 1 inayotoka Kasumbalesa, kupita kwetu na kwenda Likasi na Kolwezi, ni ya serikali kuu. Mtaro unafuata barabara yake. Kwa hiyo kabla ya kubishana na mtu, simama hapo ulipo ujiulize: hii njia inakwenda wapi? Kama avenyu yako ni ya ndani, waulize watu wa meya kama burgumestre anajua, na una haki ya kuwauliza karatasi yao ya kazi, ile iliyoandikwa juu "ordre de mission", yenye majina yao, tarehe na kazi waliyotumwa. Kama ni barabara ya jiji, burgumestre mwenyewe hawezi kukupa ruhusa ya kubaki, hata akikupenda. Na popote pale, ruhusa ya kuweka meza kwenye ardhi ya umma ni ya muda, inaweza kuondolewa. Haigeuki kuwa kiwanja chako kwa sababu umekaa miaka kumi.

Nitakuambia bila kuficha: kuhusu mtaro, mimi niko upande wao. Mvua zikianza Novemba, maji ya Katuba yanatafuta njia. Yakikuta mguu wa meza, mfuko wa plastiki na maganda ya mihogo, yanaingia nyumbani kwa jirani, yanapita chooni kwanza, kisha jikoni. Kipindupindu hakiulizi nani alilipa jetoni. Sheria ya mtaa inayosema mtaro uachwe wazi ni kati ya sheria chache ambazo faida yake unaweza kuiona kwa macho asubuhi baada ya mvua. Sogeza meza hatua mbili, Mama, hata kabla ya kuandika barua yoyote.

Tunafika kwa mgeni wa Ijumaa, na hapa nitakaa.

Komini haina polisi wake. Polisi wote nchini ni wa Polisi ya Taifa, iliyopangwa na sheria namba 11/013 ya tarehe 11 Agosti 2011. Burgumestre anaweza kuvitumia vikosi vilivyowekwa kwenye komini yake kulinda utulivu, lakini hawaajiri, hawalipi, na hawageuzi kuwa wakusanya kodi. Hapa ndipo unapoona jinsi ngazi ya chini na ngazi ya juu zinavyofungana: kanuni inaweza kuwa ya komini, lakini mkono unaoitekeleza ni wa taifa, na mwenye kutoa adhabu ni mahakama ya taifa. Komini haina jaji wake pia. Kosa dogo la usafi linaishia mahakama ya amani, na kati ya OPJ na mahakama hiyo kuna parke, yaani ofisi ya waendesha mashtaka, inayomsimamia OPJ katika kazi yake ya upelelezi, hata kama OPJ huyo ni burgumestre mwenyewe.

Si kila mwenye sare au fulana ya usafi ni OPJ. OPJ ameapishwa na ana kadi. Yupo mwenye uwezo mpana, yupo mwenye uwezo mwembamba, kwa mfano wa usafi, wa mazingira au wa ujenzi, ambaye haruhusiwi kutoka nje ya mambo yake. Asiye OPJ anaweza kukuonya na kuandika taarifa. Hawezi kukutoza faini, na kwa kosa dogo kama hili hawezi kukukamata kwa uamuzi wake mwenyewe.

Na OPJ halisi akikudai faini pale pale? Inawezekana kisheria. Amri ya tarehe 6 Agosti 1959 ya mwenendo wa kesi za jinai, ambayo bado tunaitumia, inamruhusu kwa makosa madogo kukualika ulipe kiasi fulani ili jambo liishe bila kwenda mbele. Shika neno hilo: kukualika. Unalipa kwa hiari, kiasi kisichopita faini ya juu kabisa iliyoandikwa kwenye sheria ya kosa lenyewe, na pesa inaingia kwenye hazina ya Serikali, si mfukoni. Kwa hiyo ana wajibu wa kukuambia ni sheria ipi na ni kiasi gani, na ulipe kwa karatasi, ile "note de perception", kisha upewe kitansi, yaani risiti. Ukikataa mwaliko, hujafanya kosa jipya. Faili linakwenda parke, na huko mtaongea. Polisi anayesema "lipa sasa au twende kashoti" (mahabusu) bila kutaja sheria hatekelezi amri ya burgumestre wala ya mtu mwingine.

Wakikupeleka kashoti, kifungu cha 18 cha katiba kinakulinda: uambiwe sababu mara moja kwa lugha unayoielewa, uruhusiwe kuwasiliana na familia yako au wakili, na usikae zaidi ya saa 48 bila kuachiwa au kupelekwa mbele ya mwenye mamlaka ya mahakama. Kiswahili ni lugha ya taifa, Mama. Usikubali maelezo ya Kifaransa tu kama huyafahamu.

Sasa beseni lako. OPJ anaweza kushika kitu kinachohusiana na kosa, lakini lazima aandike PV ya kukamata, yaani taarifa rasmi ya maandishi, aorodheshe vitu, akupe usome au akusomee, utie sahihi, na ukikataa aandike kwamba umekataa. Beseni lililoondoka bila PV limeondoka bila sheria.

Nilifanya kazi kwenye ofisi ya komini moja ya mji huu kwa miaka mingi, meza ya migogoro. Kuna asubuhi moja ya Desemba ambayo haijaniacha. Brigedi ilitoka alfajiri kusafisha avenyu, ikarudi na gari limejaa. Uani waliteremsha mabeseni ya samaki wa tomson, nyanya, mikate imefunikwa na kitambaa cheupe, magunia mawili ya makaa, hata kiti cha mtoto. Hakuna karatasi. Kufika saa sita inzi walikuwa wameshalifunika samaki lote, na maji ya barafu yalikuwa yakitiririka hadi kwenye mlango wa ofisi yangu. Mkubwa wangu akaniambia niandike PV. Niandike nini? Sikujua beseni la nani lilitoka wapi. Nje alikaa mama mmoja kwenye ngazi, ameifunga jetoni ya siku ile kwenye ncha ya kitenge chake. Kila aliyepita, mama huyo alimfungulia fundo, akamwonyesha, akafunga tena. Jioni samaki zilitupwa. Arete waliyoitekeleza ilikuwa halali, niliisoma mwenyewe, ilitiwa sahihi na anayestahili na ilibandikwa ukutani. Kazi nzuri iliharibiwa na kukosa karatasi moja.

Kwa nini inatokea hivyo mara kwa mara? Watu husema komini zina nguvu nyingi mno. Mimi naamini kinyume chake: zina mzigo mwingi na pesa kidogo. Kifungu cha 175 cha katiba kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayopatikana jimboni ibaki jimboni, ikatwe hapo hapo yanapokusanywa. Sheria ya 2008 inaongeza kwamba katika fungu hilo la jimbo, asilimia 40 iteremke hadi kwa majiji, komini, sekta na sheferi. Kwa vitendo, pesa hupanda Kinshasa kwanza, kisha hurudi kidogo na kwa kuchelewa. Komini isiyo na shimo la madini ndani ya mipaka yake haioni hata ile asilimia 15 ya mrabaha ambayo sheria ya madini ya 2018 inazipa ngazi za chini pale mgodi ulipo. Inabaki na nini? Na jetoni, na faini, na wewe. Wakala asiye na mshahara wa uhakika anapewa lengo la siku, anatoka kutafuta kosa badala ya kutafuta usafi. Matrakaseri, yaani usumbufu wa maofisa, yanazaliwa hapo.

Hata utii wao ulielekezwa juu kwa muda mrefu. Kwa mujibu wa sheria, baraza la komini ndilo linaloamua, na burgumestre anatekeleza na kutoa hesabu mbele yake. Lakini mameya na maburgumestre wetu wameteuliwa kwa miaka mingi bila kupitia kura ya baraza lolote, na kura yetu ya kwanza ya washauri wa komini chini ya katiba hii ilikuja tarehe 20 Desemba 2023. Kwa hiyo unaye sasa mtu wa Katuba mwenye haki ya kumuuliza burgumestre kwa nini jetoni inauzwa mahali palipokatazwa. Mtumie.

Juu ya komini kuna gavana, anayesimamia matendo yao. Bajeti ya komini na kodi mpya vinapita kwake kwanza kabla ya kuanza kutumika. Mengine anayaangalia baada ya kutolewa. Kodi mpya ikiletwa mezani kwako, uliza kama imeidhinishwa. Swali hilo moja limewanyamazisha wengi.

Umeniuliza pia, mwishoni mwa barua yako, kuhusu salongo ya Jumamosi, ile kazi ya usafi ya pamoja. Kusafisha mbele ya kiwanja chako na mbele ya meza yako ni wajibu wa kila mmoja wetu, na kufunga biashara asubuhi kwa ajili hiyo kunaweza kuamriwa. Kumlazimisha mtu kwa nguvu kufanya kazi mahali pengine ni jambo jingine, maana kifungu cha 16 cha katiba kinakataza kazi ya shuruti.

Kuhusu mikate, siwezi kukurudishia. Lakini beseni fanya hivi wiki hii. Andika barua kwa burgumestre, ukurasa mmoja tu, Kiswahili au Kifaransa. Taja tarehe, saa, avenyu, vitu vilivyobebwa na thamani yake, na kwamba hukupewa PV. Omba mambo mawili: beseni lirudi, na uonyeshwe arete iliyotumika pamoja na namba yake. Usiombe huruma na usimtukane mtu. Ambatisha kopi ya patente yako, na kama huna, nenda ukaichukue kwanza, maana bila hiyo watakuuliza wewe kabla hujawauliza wao. Peleka kopi mbili sekretarieti, moja wabaki nayo, nyingine waigongee muhuri wa kupokea na tarehe, hiyo ndiyo yako. Wakinyamaza, peleka kopi ya kopi hiyo kwa meya na kwa gavana, na kama kuna polisi aliyechukua pesa bila kitansi, basi andikia parke barua ya peke yake, usiichanganye na hii ya meza. Mtoto wa dada yako aandike, wewe usome kwa sauti kabla ya kutia sahihi.

Na ile kopi yenye muhuri, usiifunge kwenye ncha ya kitenge. Iweke nyumbani, kwenye sanduku la vyeti vya watoto.